Shamba la Hewani la Selestini Chilumba

Zamani, mtu wa Namikunda aliyetaka kuwajulisha ndugu zake wa Newala kwamba mama yao kafariki alikwenda nyumbani kwa Selestini Chilumba, akaketi, akanywa maji, akasema taratibu, na maneno yake yakasafirishwa yakiwa yamevikwa nguo. Siku hizi kijana yeyote anabonyeza kioo cha simu na msiba unamfikia mjomba wa marehemu ukiwa uchi, umebanwa katikati ya picha za harusi na vichekesho vya watu wasiojulikana.

Selestini hakuwa mtu mkubwa. Darasa la nne ndilo lililomtupa nje, akaenda Ndanda kubeba mbao kwenye karakana ya misheni, na huko, kwa kutazama tu mikono ya mafundi, akajifunza kulehemu waya, kupima betri na kusoma vitabu ambavyo hakuna aliyemwambia avisome. Aliporudi Namikunda, kijiji kilicho ukingoni kabisa, pale uwanda wa Wamakonde unapokatika na kuteremka kuelekea Ruvuma, zahanati ilikuwa imeletewa simu ya upepo na hakuna mtu aliyethubutu kuigusa. Yeye aliigusa. Kwa kuwa zahanati iko bondeni na nyumba yake iko juu, mashine ikawekwa kwake, kwenye chumba cha mbele, na waya wa antena ukafungwa baina ya mikorosho miwili iliyokuwa uani. Tangu siku hiyo akawa Muhogo.

Ndivyo walivyoitana hewani. Yeye Muhogo, kituo cha Makote kikaitwa Njugu, upande wa Lupaso alikaa mama mmoja mwenye sauti nzito, Dominika, ambaye alikuwa Mbaazi, na kituo kikubwa cha Masasi kikaitwa Korosho. Wote walikuwa na masafa mamoja, mstari mwembamba hewani ambao serikali iliwakatia na kuwaandikia leseni asiingie mwingine. Kila asubuhi walijulishana: nani mgonjwa, wapi dawa zimekwisha, gari la wagonjwa liko wapi. Baada ya kazi ya zahanati zilifuata salamu za watu.

Na salamu zilikuwa na adabu yake. Kwetu mtu ni wa upande wa mama. Akifa, wa kwanza kuambiwa ni mjomba wake, yule kaka wa mama, na kabla yeye hajajua hakuna anayeruhusiwa kulia. Kwa hiyo Selestini hakusema hewani kwamba fulani amekufa. Alisema, "Mbaazi, mtafute mjomba wa Hilary asogee mwenyewe, nitaita tena jua likipanda." Mjomba akisogea, aliambiwa kwamba mgonjwa amechoka na kwamba waje na nguo nzito. Kila aliyesikia alielewa. Hakuna aliyelitaja neno lenyewe. Hiyo ilikuwa kazi, na ilihitaji mtu mwenye kichwa.

Kisha kampuni za simu za mkononi zikaja na minara yao. Vituo vikaanza kunyamaza. Njugu alizimwa kwa sababu betri ilikufa na hakuna aliyejali kuleta nyingine. Korosho alifungiwa stoo chini ya vitanda vibovu. Dominika alistaafu, na aliyempokea alisema mashine ile inamletea kichwa kuuma. Ajabu ni kwamba minara yenyewe haikuwafikia watu wa Namikunda. Ukishika simu ukingoni pale inakukaribisha Msumbiji, na ukitaka kuongea na Masasi inabidi upande kilima cha shule na kunyoosha mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ndipo mradi wa zahanati ukaleta simu ya setilaiti.

Aliyeupokea mradi alikuwa Ursula, mganga mfawidhi wa zahanati. Ursula alikuwa mpwa wake Selestini, mtoto wa Paulina, dada yake wa pekee. Paulina alipofariki mtoto akiwa mdogo, mjomba ndiye aliyemlea, na herufi za kwanza kuzisoma zilikuwa zile zilizoandikwa usoni mwa simu ya upepo. Alisomea Mtwara, akarudi na koti jeupe, na Selestini alitembea siku hizo kama mtu aliyevikwa taji. Hakujua anayemkaribisha nyumbani.

Siku ya kufunga kifaa, Selestini alikwenda kutazama. Alimkuta fundi mmoja kijana, mrefu, mtu wa Musoma anayeitwa Nehemia, amepiga magoti uwanjani akikizungusha kisahani bapa cheupe kisichozidi ukubwa wa kitabu cha kwaya.

"Shikamoo mzee," Nehemia alisema.

"Marahaba. Hilo ndilo lenyewe? Nilidhani wamekuletea sinia la pilau."

Nehemia alicheka. "Ndilo hili, mzee. Linaongea na setilaiti. Iko juu ya ikweta, mbali sana, inazunguka pamoja na dunia, kwa hiyo wewe wa chini unaiona kama imesimama pale pale. Kazi yetu ni kulielekeza sinia hili mahali ilipo."

"Na mkorosho ukisimama mbele?"

"Mkorosho tunauhama. Masafa ya simu hizi ni ya juu sana, mzee, yanakwenda moja kwa moja. Jani bichi linayanywa."

"Yananywewa na jani!" Selestini aliwageukia wanawake waliokaa na watoto wao barazani wakisubiri kliniki. "Mmesikia, jamani? Ya kwangu yanapiga mbingu, yanarudi chini, yanaruka milima, yanafika Lupaso. Ya huyu bwana yanashindwa na jani."

Wanawake walicheka. Nehemia naye alicheka, na hilo ndilo lililomkera Selestini, kwamba kijana hakuumia.

Ursula ndiye aliyeumia. Alitoka ndani, glavu bado mkononi. "Mjomba, yule mama wa mapacha aliyetokwa na damu msimu wa kupalilia, uliita Masasi tangu asubuhi mpaka jua likasimama utosini. Nani alikuitikia?"

"Wamezima wao. Mimi nilikuwa hewani."

"Basi ndiyo hivyo. Wamezima. Ulikuwa unaongea peke yako, na sisi tulimfunga yule mama kwa khanga kwenye pikipiki, na watoto wote wawili tukawazika. Leo ningeongea na daktari wa Ndanda hapa hapa, uso kwa uso."

Selestini aliuliza swali alilokuja nalo. "Na leseni yetu je?"

Nehemia aliinuka, akapangusa magoti. "Ya masafa ya simu ya upepo? Halmashauri imesema haitailipia tena, mzee. Masafa yatarudishwa."

"Yatarudishwa kwa nani?"

"Kwa mamlaka ya mawasiliano. Masafa ni mali ya nchi, yanagawiwa. Hata hili sinia lina kipande chake. Mataifa yalikaa yakagawana, hiki cha simu za setilaiti, hiki cha ndege, hiki cha meli, ili mtu asimpigie mwenzake kelele. Kipande kisichotumika kinarudishwa, anapewa mwingine anayekihitaji."

"Mataifa yalikaa," Selestini alisema. "Na Namikunda ilikaa kwenye kiti gani?"

Hakungoja jibu. Lakini neno moja lilikwenda naye nyumbani na kulala naye: kisichotumika. Hilo alilielewa vizuri kuliko walivyodhani. Kwetu shamba halipotei kwa sababu ya karatasi. Linapotea kwa kuachwa. Ukiacha kupalilia, nyasi zikasimama, mtu akaja akafyeka, kesho ukimwambia atoke wazee watakuuliza ulikuwa wapi. Na mwenye shamba ambaye jembe lake linasikika kila asubuhi hakuna wa kumtoa, awe na hati asiwe nayo. Basi Selestini aliamua kulilima shamba lake.

Kila kulipokucha aliwasha mashine na kuita. "Muhogo anaita, Muhogo anaita. Mbaazi, unanipata? Ova." Kimya. "Njugu, Njugu, Muhogo hapa. Ova." Kimya, na ule mkwaruzo kama mchele unaopepetwa. Kisha aliendelea kama vile wamejibu. Alitoa habari za kijiji: mvua imekatika, mbaazi zimeshambuliwa, mzee Swalehe ameamka vizuri. Mke wake alisimama mlangoni na ungo mkononi akimtazama.

"Baba Upendo, unaongea na nani?"

"Nalima."

"Unalima! Njoo basi ulime na kule bondeni, kuna magugu yanayoonekana kwa macho."

"Mwanamke, huku ukiacha siku moja tu wanaingia."

"Wakina nani?"

Hakuweza kumwambia, kwa kuwa mwenyewe hakuwajua.

Kiangazi kilipoanza, watu walipokuwa wakipuliza salfa kwenye mikorosho na kijiji kizima kunuka, Nehemia alikuwa bado anakuja Namikunda. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi bila tatizo lolote na kila mtu alijua hivyo. Anayekuja kukagua kitu kizima ana lake, na lake lilijulikana siku alipokuja mwalimu Zabroni, mtu wa Mbeya anayefundisha shule ya msingi, amevaa shati la kuchomekea, ameleta posa ya Nehemia kwa Ursula. Alikuwa ameelezwa na watu kwamba huku posa haipelekwi kwa baba. Inapelekwa kwa mjomba.

Selestini alimpa kiti. Alimwacha amalize maneno yote aliyoyakariri, ya kuona ua zuri kwenye bustani na mengine ya namna hiyo, kisha akasema, "Mwalimu, masikio yangu haya ni mabovu. Mimi nasikia hewani tu."

"Sijakuelewa, mzee."

"Kijana wako ni fundi wa mawasiliano. Aende Masasi, aitoe Korosho stoo, aiwashe, aje kwenye masafa yangu asubuhi, aseme mbele ya vituo vyote anataka nini kwetu. Nikimsikia, nitajibu. Mimi mjomba nimesema."

Zabroni alidhani ni mzaha, akacheka, akacheka peke yake, akaaga.

Jioni ile Ursula alipanda kutoka zahanati na viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Hakuketi.

"Vituo vyote vipi, mjomba? Vimekufa! Nani atamsikia?"

"Nitamsikia mimi."

"Leseni imekwisha. Unajua kabisa imekwisha. Nehemia akifungua mdomo pale ni kosa la kisheria, na yeye ndiye mwenye cheti cha kazi hiyo. Unataka anyang'anywe kazi ndipo anioe?"

"Alipewa na nani ruhusa ya kunyang'anya yangu?"

"Hakunyang'anya! Yeye anafunga vifaa tu!"

"Basi afunge na hicho." Akaelekeza kidole kwenye simu ya upepo. "Arudishe leseni. Nikiona leseni, nitapokea posa siku hiyo hiyo, na nitaimba."

Mpaka hapo watu wengi wa Namikunda walikuwa upande wa Selestini. Walijua mjomba ana haki ya kumtia mkwe jaribuni. Wengine walijaribiwa kwa kuchimbishwa kisima, wengine kwa kufyeka pori. Huyu alijaribiwa kwa masafa. Na Nehemia, tukubali tusikubali, alikwenda. Alipanda gari mpaka Mtwara, akajaza fomu za kuomba masafa yarudishwe zahanati ya Namikunda, akasema ni ya akiba, setilaiti ikizimika. Jibu lilipokuja alilileta mwenyewe, akiwa amefuatana na Ursula.

"Mzee, nimejaribu," alisema. "Yale masafa yameshatolewa. Kuna mtu mwingine amepewa. Naweza kukuombea mengine, hatua chache tu pembeni, ni yale yale kabisa."

"Pembeni?"

"Ndiyo, mzee. Hutaona tofauti."

"Mtu akichukua shamba lako akakuonyesha la jirani, hutaona tofauti? Mwongo wewe. Hakuna aliyepewa. Mimi niko pale kila asubuhi, ningemwona."

"Mjomba, usimwite mwongo," Ursula alisema.

"Nimwiteje? Watu wa kwao ndivyo walivyo, wanakuja na magari, wanacheka cheka, wanaondoka na vitu."

Nehemia hakucheka safari hii. "Asante, mzee," alisema, akatoka nje. Ursula alibaki kidogo. Alikuwa anamtazama mjomba wake kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye vipimo vyake vimerudi.

Asubuhi moja, baada ya hapo, Selestini aliwasha mashine kama kawaida. "Muhogo anaita, Muhogo anaita. Yeyote anayenipata, ova."

Akajibiwa.

"Kituo kinachoita, jitambulishe. Ova."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya karibu, safi, kana kwamba anaongea kutoka jikoni. Selestini alishika meza. Alimwita mke wake kwa kelele, mke akaja mbio akidhani kuna nyoka, na mzee yule, machozi yakimtiririka hadharani, alikuwa anaonyesha kipaza sauti na kusema, "Wamerudi! Mama Upendo, wamerudi!" Kisha akabonyeza kitufe. "Nakupata vizuri sana, ndugu yangu! Hapa Muhogo, Namikunda. Wewe ni Korosho? U mzima? Watu wa Masasi hawajambo? Ova."

"Muhogo gani? Haya ni masafa ya kampuni. Tunasindikiza shehena barabarani, unatuingilia kila siku asubuhi. Toka. Ova."

Mke wake alikwenda kuketi kwenye mkeka.

"Kampuni gani?" Selestini aliuliza, na alisahau kusema ova.

"Kampuni ya ulinzi, babu. Tumelipia. Zima mtambo wako."

"Mimi niko hapa kabla wewe hujazaliwa. Nimelima hapa tangu nywele zangu nyeusi. Kila siku! Uliza mtu yeyote."

Upande wa pili palisikika mtu mwingine akicheka, kisha sauti ile ile: "Babu, hii ni hewa. Hailimwi. Kanywe uji."

Aliyasema yale mtoto wa mtu, mwenye bunduki ya kukodishwa, ndani ya gari la watu, kwa mzee aliyetumia mstari ule kuokoa watu. Na mnataka alie? Hakulia tena. Alibonyeza kitufe na kukikalia. Simu ya upepo ni hivi, anayeongea anawanyamazisha wote. Ukikishika kitufe usikiachie, mstari wote ni wako. Alishika. Alisema yote aliyokuwa nayo, ya Kiswahili na ya Chimakonde. Yalipokwisha alishika kitufe bila kusema kitu, mpaka betri ikalegea. Kesho yake akachaji kwa sola akarudi. Walipoita wao, yeye alishika. Walipotukana, alishika. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka mingi, na mke wake alipomwambia kwamba watu wa magari yale wanaweza kuwa wanapigwa risasi huko porini nao hawawezi kuita, alisema wanywe uji.

Malalamiko yalikwenda kunakohusika. Hawakuchukua muda kumpata. Mtu anayejitaja jina la kijiji kila asubuhi hahitaji kutafutwa kwa mitambo. Alikuja mkaguzi wa mamlaka ya mawasiliano, mwanamke mpole anayeitwa Careen, akaingia zahanati, hakupanda hata juu kwa Selestini. Mashine ile ilikuwa mali ya zahanati. Aliyekuwa anajibu kwa mali ya zahanati ni mganga mfawidhi. Careen alimwambia Ursula aishushe antena na kuikabidhi mashine ndani ya juma lile, la sivyo atakayesimama mahakamani ni yeye, na koti lake jeupe.

Ursula alipanda kwa mjomba wake asubuhi, akiwa na sare ya kazi. Nehemia alikuwa nyuma yake na kamba na koleo. Selestini alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba mlango.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na mumeo?"

"Nimekuja kuchukua mashine. Ulisikia alichosema yule mama mkaguzi."

"Sikusikia kitu. Mimi nasikia hewani."

"Mjomba, watanishtaki."

"Waje wanishtaki mimi. Wewe waambie ni mjomba wako, na mjomba haondolewi na mpwa. Waulize wazee, wakikuta neno hilo limebadilika nitaondoka mwenyewe."

"Mzee," Nehemia alianza.

"Wewe nyamaza. Hapa hatuongei habari za majani."

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Ursula aliwatazama, akatazama juu, kwenye ule waya mweusi uliopita uani, akashusha pumzi.

"Sawa," alisema. "Tusiongee habari za mashine. Mjomba, mikorosho ile ni ya nani?"

Selestini aliitazama mikorosho.

"Nani aliipanda?"

"Unajua nani aliipanda."

"Nataka useme mbele ya watu."

"Mama yangu."

"Bibi aliipanda. Bibi alipokufa ikawa ya nani?"

Wote waliosimama pale walijua. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine, na mti wa mwanamke unakwenda kwa binti yake, kisha kwa binti wa binti yake. Mjomba ni mlinzi tu. Anaokota, anauza, anawatunzia, lakini si mwenye mali. Selestini mwenyewe, akikalishwa barazani kuamua kesi za miti, aliwavua wanaume wengi mikorosho yao kwa sheria hiyo hiyo na kuwarudishia wapwa wao wa kike, na alisifiwa kwa kunyooka.

"Ya Paulina," alisema.

"Na Paulina yuko wapi?"

"Ursula," Selestini alimsihi.

"Niambie, mjomba. Ni ya nani leo?"

"Ni yako."

"Basi waya umefungwa kwenye miti yangu bila ruhusa yangu. Naushusha."

Wanawake wawili watatu walipiga vigelegele vya chini chini, kisha wakanyamaza walipoona uso wake. Selestini aliinuka kutoka kizingitini. Hakuwa na pengine pa kusimama. Kukataa pale kungekuwa ni kuivunja desturi ile ile aliyoipigania, na mbele ya watu. Nehemia aliweka ngazi ya mianzi kwenye shina, akatia mguu.

"Wewe shuka," Selestini alimwambia. "Mti huo si wa kwenu."

Nehemia alishuka. Ursula alivua viatu, akakunja sare yake ya kazi magotini, akapanda mwenyewe. Alikuwa amepanda mikorosho ile tangu utotoni na alijua kila tawi. Alikata upande mmoja, waya ukaanguka uani kwa mlio, ukajikunja kwenye majani makavu kama kitu kilichokufa; akahamia wa pili, akakata. Kisha akaingia ndani, akachomoa betri, akaibeba mashine kifuani, akampita mjomba wake, mabega yao karibu kugusana.

Akasimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mjomba, hili limekwisha. Sasa lile jingine. Nehemia bado anasubiri neno lako. Akileta posa hata leo, nani atampokea kama si wewe? Sina mwingine."

Hapo palikuwa na mlango. Angesema neno moja tu, lolote, hata la kutukana, mradi liwe la mjomba.

"Mwenye miti," Selestini alisema, "ana haja gani na mlinzi?"

Walifunga ndoa Masasi. Watu wa Musoma walijaza upande wa bwana harusi kwa nyimbo na vigoma, na upande wa bibi harusi, pale anapostahili kuketi mjomba ndipo sherehe ianze, waliweka kiti kitupu kwa muda, kisha mtu akahitaji kiti akakichukua. Mke wa Selestini alikwenda kwa siri, akarudi, akapika, hakusimulia. Ursula alihamishiwa kituo kingine. Namikunda ikapata mganga mwingine, anayeongea na Ndanda kwa setilaiti mchana kutwa, na siku hizi mjomba wa mtu anasikia msiba wa mpwa wake kwa kupigiwa kelele na watoto njiani. Wanasema ndiyo maendeleo. Wabaki nayo.

Selestini aliwaona Ursula na mumewe mara moja tu baada ya hapo. Alikuwa amekwenda Ndanda kutazamwa macho, akatoka na dawa ya matone, akasimama kando ya barabara kuu kungoja gari la kurudi. Ng'ambo, mbele ya mahali wanapochoma mihogo, lilisimama gari jeupe. Nehemia alikuwa nje akiangalia tairi. Ursula alikuwa amekaa garini, mlango wazi, akimlisha vipande vya muhogo, baada ya kuvipuliza, mtoto wao wa kike aliyebebwa mgongoni na msichana aliyesimama kando. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amesuka nywele kama Paulina alivyosuka.

Ursula alimwona mjomba wake. Aliacha muhogo, akashuka, akamchukua mtoto na kumgeuzia barabarani, na akaita kwa Chimakonde, kwa sauti ya mtu anayevuka mto: "Njomba! Njomba!" Nehemia aliinuka, akavua kofia.

Macho ya Selestini yalikuwa na matone, lakini masikio yake hayakuwa na ubovu wowote. Alichukua mfuko wake, akageuka, akatembea hadi kwenye duka lililofungwa, akasimama akisoma bei zilizoandikwa mlangoni kwa chaki. Alisikia akiitwa tena mara moja. Kisha milango ya gari ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, na gari likaondoka kuelekea Mtwara.